Mume wangu ameweka oda ya misonobari 30: tupande au tuache?

Shangazi, shikamoo.

Nimeisoma safu yako ya bustani kwa muda mrefu, ila leo ndiyo mara ya kwanza kukuandikia. Nyumbani hatuelewani, na chanzo ni miti ambayo hata haijapandwa.

Mimi na mume wangu tuna nyumba ya chini yenye bustani upande wa nyuma. Kutoka barazani hadi mpakani ni kama mita 9, na mpaka wenyewe una urefu wa mita 18. Kwa miaka sita tulikaa kwa raha zetu. Mwaka jana jirani wa nyuma akapandisha ghorofa. Nyumba yake iko mita 10 hivi ng'ambo ya mpaka, na chumba cha juu kina dirisha kubwa linalotazama moja kwa moja barazani kwetu. Si watu wabaya, tukikutana tunasalimiana vizuri. Lakini nikianika nguo najiona niko jukwaani. Mume wangu ndiye ameumia zaidi. Alikuwa na kawaida ya kukaa pale jioni akitoka kazini, kifua wazi, kimya tu, anapumzika. Siku hizi anapitiliza ndani na kufunga mlango.

Wiki mbili zilizopita alikwenda kitaluni akarudi amechangamka. Ameonyeshwa miche ya msonobari unaokua haraka, ina urefu wa sentimita 60. Muuza miche amemwambia akipanda mmoja kila sentimita 60, ndani ya miaka mitatu atakuwa na ukuta wa kijani usiopitisha jicho, mwaka mzima. Ameweka oda ya miche 30. Akimaliza mpaka wa nyuma anataka kuendelea na upande wa kushoto, ambako anaishi bibi mmoja mzee mwenye vitalu vyake vya mboga na maua.

Mama mkwe wangu, ambaye amelima maisha yake yote, hataki hata kusikia. Anasema miti hiyo inakausha ardhi na kuleta giza. Mume wangu anasema hizo ni hofu za wazee, na ikirefuka kupita kiasi ataikata juu. Mimi niko katikati. Faragha naitaka kweli, lakini kuna kitu kinaniambia tusifanye haraka. Miche inaletwa mwisho wa mwezi. Tupande au tuache, Shangazi?

Mama wa Baraza

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na lililonigusa ni huyo baba anayepitiliza ndani na kufunga mlango. Mtu kukosa pa kupumzikia nyumbani kwake ni jambo zito. Kwa hiyo usije ukamwambia mumeo kwamba anahangaika bure. Hahangaiki bure. Ila ushauri wangu nautanguliza ili usisome kwa wasiwasi: miche hiyo 30 msiipande. Mkiweza, isimamisheni oda kabla haijaletwa.

Muuza miche hakuwadanganya. Watu huita miti hii yote misonobari, lakini kwa maelezo yako naamini mmeonyeshwa saipresi ya Leyland au ndugu yake wa karibu, na huo mti unakimbia kweli. Ukishashika mizizi unaweza kupanda hadi mita moja kwa mwaka, kwa hiyo mwaka wa tatu au wa nne mtakuwa na ukuta mlioahidiwa. Alichokiacha ni kwamba ukuta huo haujui umefika. Mwaka wa tano utakuwa unapanda, na mwaka wa kumi pia. Ukiachwa bila kukatwa hupita mita 30. Bustani yenu ina kina cha mita 9.

Ni vizuri mjue ulikotoka, kwa sababu ndipo tabia yake inapoeleweka. Mti huu haukuota porini. Wazazi wake ni aina mbili za saipresi za Amerika ya Kaskazini, mmoja wa pwani ya California na mwingine wa kaskazini zaidi hadi Alaska, na huko kwao maeneo yao hayagusani. Walikutana kwenye bustani kubwa ya Leighton Hall, Wales, walikopandwa jirani, na mwaka 1888 mbegu zao zikatoa machotara. Mmoja aliutoa uvumilivu wa chumvi na upepo, mwingine uvumilivu wa baridi, na mtoto akawazidi wote kwa kasi. Lakini karibu hauzai mbegu yenye uhai, kwa hiyo huzalishwa kwa vipandikizi. Maana yake, miche 30 aliyoiona mumeo huenda ni mti mmoja uliogawanywa kwenye vyungu 30. Mdudu au ugonjwa ukiupenda mmoja, umeipenda yote.

Na wa kuipenda wapo. Kidukari wa saipresi, mdudu mdogo wa kijivu anayenyonya utomvu kwenye vitawi, alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia mwaka 1990 alikuwa Kenya. Kote alikopita, mashamba na nyua za saipresi zilibadilika rangi zikawa kama zimepitiwa na moto. Ilibidi waletwe nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya mdudu huyo ili kumpunguza. Kuna pia kuvu anayekula gome, mti ukatoa utomvu kwenye kidonda na tawi zima likafa kuanzia hapo kwenda juu. Ukuta wa miti inayofanana ukipoteza mitatu ya katikati, pengo lake halizibiki kirahisi. Mche mpya utawekwa kwenye kivuli na udongo mkavu, katikati ya mizizi ya wakubwa wake, utanyong'onyea tu.

Sasa nakuja kwenye lile neno la mumeo, kwamba ikirefuka ataikata. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, nami nilikuwemo. Kabla ya kuamua lolote, naomba nyote wawili mfanye jambo dogo. Tafuteni mahali penye ua wa saipresi uliokomaa, muombe ruhusa, kisha yeye mwenyewe achomeke mkono ndani hadi kiwiko na kuyatenga matawi. Nje ataona kijani kinachong'aa, majani yamelaliana kama magamba ya samaki. Ndani ya kina cha kiganja hivi, kijani kinakwisha ghafla. Kinachofuata ni vijiti vya kahawia, vumbi linaloingia puani, majani makavu yaliyokwama kwenye maungio ya matawi, na giza. Ule ukuta mzito ni ngozi tu.

Na ngozi hiyo ikikatwa ikaisha, mti hauoti nyingine. Miti mingi ya majani mapana ukiikata hadi kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani huchipua. Saipresi kwenye sehemu ya kahawia haichipui. Inabaki kahawia mpaka siku unaing'oa.

Mimi nilipanda 14. Miaka ya mwanzo niliipogoa kwa wakati, nikajisifu kwa kila aliyenitembelea. Kisha nikaugua, misimu miwili ikapita bila mkasi. Nilipopata nguvu ua ulikuwa umenenepa na kuifunga njia, nikamwita kijana mwenye mashine, nikamwambia aurudishe ulipokuwa. Akaurudisha. Upande mzima uliotazama nyumba ukawa kahawia kama ufagio wa zamani. Nilimwagilia, nikaweka mbolea, nikasubiri mwaka mzima nikiamini utajirudi. Mwisho nilikata miti 11, na visiki vilinigharimu kuvitoa kuliko nilivyonunua miche yote. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu hivi.

Kwa hiyo anayepanda ua wa aina hii anakubali kupogoa mara mbili, pengine tatu, kila mwaka bila kuruka, maadamu miti ipo. Hebu tupige hesabu ya kwenu. Ua wa mita 18 ukiachwa ufike mita 3, pande mbili ni mita za mraba 108, na juu ongeza 20 hivi. Ni kazi ya kusimama kwenye ngazi, mkasi mkononi, na nusu ya kazi hiyo iko upande wa jirani, ambako mtaingia kwa hisani yake. Tena ua uliopogolewa vizuri bado unataka upana wa mita moja na robo hivi. Hizo ni zaidi ya mita za mraba 22 za bustani ambazo hamtazikanyaga tena, na ukanda mwingine mbele yake ambapo chochote mtakachopanda kitadumaa.

Hapo ndipo mama mkwe wako alipo na hoja. Kwenye ua mnene sehemu ya mvua hubaki kwenye majani isifike chini, na mizizi yake mingi iko karibu na uso wa ardhi, inanyonya kwa pupa. Shika udongo wa chini ya ua kama huo siku moja baada ya mvua nyepesi, utakuta unga mkavu. Kama udongo wenu ni wa mfinyanzi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, miti mikubwa inayokunywa sana karibu na nyumba huzidisha kusinyaa kwake, na msingi wa nyumba unaweza kupata nyufa. Yale majani makavu ya ndani nayo, pamoja na utomvu, hushika moto upesi mno. Ua kama huo usigusane na nyumba wala banda, na kama mnaishi mahali penye hatari ya moto wa nyika, usiwepo kabisa karibu na nyumba. Mwambie mumeo kwamba mama yake anasema asichoweza kukieleza kitaalamu, lakini amekiona kwa macho.

Na yule bibi wa kushoto. Mwanangu, msimfanyie hivyo. Mboga zinaishi kwa jua, na ukuta wa mita 3 au 4 unaweza kumnyang'anya saa nyingi za mwanga, kutegemea jua linapita wapi. Ugomvi wa miti hii uliwahi kuzidi hadi England na Wales zikatungiwa sheria ya mwaka 2003, inayomruhusu jirani kulalamika kwa halmashauri ua wa miti ya kijani kibichi unapozidi mita 2 na kumzibia mwanga. Mahali penu pana kanuni zake, ziulizeni kabla ya kupanda chochote mpakani. Lakini hata pasingekuwa na kanuni yoyote, hamkuniambia bibi huyo amewakosea nini. Anayewatazama ni dirisha la nyuma. Kwa nini adhabu ashiriki yeye?

Dirisha hilo ndilo nataka tulitazame vizuri, maana naona mumeo ameuziwa ukuta wakati tatizo lenu ni mstari. Jicho la mtu aliyesimama chumba cha juu liko kama mita 4.5 kutoka ardhini. Jicho lako ukiwa umeketi barazani liko kama mita 1.2. Kati yenu kuna mita 19. Mstari unaounganisha macho hayo mawili unashuka kidogo kidogo, na unapopita mpakani uko kimo cha mita 2.75 hivi. Huo ndio urefu ambao ua wa mpakani ungehitaji ili mfichike mkiwa mmekaa, nao ungewafaa miaka michache tu kabla ya kuanza kuwazidi.

Lakini mstari huohuo kadiri unavyowakaribia ndivyo unavyozidi kuwa chini. Ukiweka kizuizi mita moja na nusu tu mbele ya viti vyenu, mstari unapita hapo kwa kimo kisichofika mita 1.5. Hata mtu mzima akisimama nyuma ya kizuizi hicho, mita 2 zinamtosha. Mita mbili, mwanangu, kwa upana wa viti vyenu. Hilo ni jambo la fremu ya fito na mmea unaotambaa, na mnaweza kuimaliza wikendi moja.

Msiniamini mimi, pimeni. Chukueni ufito mrefu, mfunge kitambaa cheupe juu. Wewe kaa kwenye kiti cha mumeo, palepale anapopapenda. Yeye asimame mpakani na kuuinua ufito taratibu mpaka kitambaa kilizibe dirisha machoni pako, muweke alama. Kisha asogee hatua tatu kuja kwako, arudie. Kisha mita moja na nusu kutoka kitini. Halafu mbadilishane, yeye akae, wewe ushike ufito. Nakuomba sana hili la kubadilishana. Mwanamume aliyeweka oda kwa furaha akiambiwa na mkewe kwamba amekosea atazidi kuishikilia. Akiona mwenyewe kitambaa kikilifunika dirisha kwenye kimo cha kifua, hutahitaji maneno mengi. Fanyeni hivyohivyo penye kamba ya nguo, kwa sababu hapo penyewe pana mstari wake.

Kwa hiyo ningewafanyia hivi. Sasa hivi jengeni fremu imara karibu na baraza, nguzo zikiwa zimechimbiwa vizuri, maana mmea ukishajaa hukamata upepo kama tanga. Pandeni mmea unaotambaa unaostawi kwenu na usiopukutisha majani yote. Huku ukikua, mkeka wa matete au wa mianzi uliofungwa kwenye fremu utawapa faragha jioni hiyohiyo.

Mpakani, kama bado mnataka kijani, pandeni ua wa majani mapana unaoweza kusamehe. Kuna kipimo rahisi: tembea mtaani utafute ua uliowahi kukatwa sana, hata hadi magotini, na ukachipua kuanzia chini. Uliza jina lake. Huo ndio wenu. Changanyeni aina tatu au nne, ili ugonjwa ukija usiondoke na ua mzima. Utachelewa miaka miwili au mitatu kuliko saipresi, ila mkishauzuia kwenye mita 2 utabaki kuwa mita 2 kwa nguvu za mtu mmoja na mkasi, miguu ikiwa chini. Kama mumeo ameipenda sura ya msonobari na haambiliki, kuna mti uitwao taksi, jamaa ya mbali wa hiyo aliyoonyeshwa, ambao huchipua hata ukikatwa kwenye matawi ya zamani yasiyo na majani. Unakwenda polepole, sentimita 20 hadi 30 kwa mwaka, unataka hali ya hewa ya baridi kiasi, na karibu kila sehemu yake ni sumu kwa watu na mifugo. Penye watoto wadogo au wanyama, siushauri. Asikimbilie mianzi pia kabla ya kuuliza ni aina gani: inayokaa kichaka kimoja inavumilika, ila inayotambaza mizizi itatokea kwa yule bibi kabla hamjajua.

Nisiionee saipresi. Kwenye shamba kubwa, mbali na nyumba na mbali na mtu mwingine, inazuia upepo vizuri sana, ndege hukaa humo, na kijani chake kinapendeza. Ningekuwa na eka kadhaa ningeipanda tena. Na kama baada ya yote haya mtaamua kuipanda, basi isogezeni mita mbili kamili ndani ya mpaka wenu, anzeni kupogoa pembeni tangu mwaka wa pili ingali laini, chini pawe papana kuliko juu ili mwanga ufike hadi matawi ya mwisho. Ncha zikateni ikiwa imebaki kama sentimita 15 kufika kimo mnachotaka, kisha msiruke mwaka.

Kuna jambo moja hamjalifanya, na sijui kwa nini. Hamjaongea na jirani mwenye dirisha. Umesema ni watu wazuri mnaosalimiana. Huenda hawajui kabisa kwamba wanawaona, na huenda nao wanaona aibu kusogea dirishani. Mwende wawili, msiende kulalamika. Mwambieni mnajenga fremu ili pande zote mbili ziwe huru, na muombe kama wanaweza kuweka pazia jepesi au karatasi ya ukungu kwenye nusu ya chini ya kioo. Wakikubali, nusu ya kazi imekwisha kabla ya shimo la kwanza.

Kitaluni mumeo apige simu leo, asiseme anafuta, aseme wamngojee wiki moja. Jumamosi mshike ufito. Ukishapata vile vimo vitatu niandikie, pamoja na upande jua linakozama kwenu, nikusaidie kuchagua mmea wa kupandisha kwenye fremu.

Shangazi